Kabla ya Kubisha Hodi Bungeni, Rudisha Majibu kwa Majirani

Mwaka wangu wa tatu katika ofisi ya chuo kikuu inayoshughulikia mahusiano na serikali na jamii, nilikwenda kwenye mkutano wa wakazi wanaopakana nasi nikiwa na bahasha ya barua 60. Zote zilikuwa zimeshaandikwa, zinangoja sahihi tu. Kikao cha bajeti kilikuwa kimekaribia, tulitaka serikali itupe fedha za kupanua maabara ya maji, na tuliamini barua za wananchi zingewagusa wabunge. Maneno yote ya barua zile niliyatunga mimi.

Mama mmoja akasimama na daftari mkononi. Alikuwa ameandika humo kila siku watafiti wetu walipofika kwake: tarehe, saa, chupa ngapi walijaza.

"Mwanangu," akaniambia, "mmechota maji kisimani kwangu mara nne, hapa nimeandika. Sijawakatalia hata siku moja. Sasa kabla sijaweka sahihi, niambie: maji yangu ni salama?"

Sikuwa na jibu. Nilirudi ofisini nikalitafuta, nikalikuta limechapishwa kwenye jarida la kitaaluma tangu mwaka mmoja nyuma, ndani ya jedwali, yeye ametajwa kama "kisima namba 7". Nitrati, kemikali inayoyeyuka majini, ilikuwa imezidi kiwango cha Shirika la Afya Duniani, yaani miligramu 50 kwa lita. Wanaodhurika zaidi na hali hiyo ni watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, kwa kuwa nitrati huifanya damu yao ishindwe kubeba oksijeni ipasavyo. Mama yule alikuwa akilea mjukuu wa miezi 4 anayenyonya chupa. Tena kwa uangalifu wake alikuwa akiyachemsha maji yale kwanza, bila kujua kwamba moto huua vijidudu lakini hauondoi nitrati. Maji yanapungua kwa mvuke, nitrati inabaki na kukolea.

Mtoto alikuwa mzima, namshukuru Mungu. Barua zile sikuzirudisha tena kwa wakazi. Tulitumia wiki mbili kupita nyumba kwa nyumba na mtafiti mwenyewe, kila mwenye kisima akipewa karatasi moja yenye majibu yake kwa lugha anayoielewa na mtu wa kumuuliza maswali.

Nasimulia haya kwa sababu vijana wanaoanza kazi hii huniuliza namna ya kuwafikia mawaziri na wabunge. Swali ni zuri, lakini nawaomba waanze na lile la mama: kuna mtu gani anayetudai jibu? Keti na wakuu wa idara, orodhesha kila utafiti uliochukua damu, maji, udongo, au saa za watu kwenye dodoso, kisha weka alama pale ambapo majibu hayajarudi. Orodha hiyo itakuumiza. Anza kuilipa kabla hujamwomba mtu yeyote akusemee. Kwa miradi mipya, pigania fungu la kurudisha matokeo liingie kwenye bajeti ya utafiti tangu siku ya kwanza, maana likiachwa mwishoni fedha huwa zimekwisha na watafiti wameshahamia mradi mwingine.

Wapo wahadhiri watakaokuambia kwamba mambo ya jamii ni mtindo wa siku hizi unaowapotezea muda. Waeleze historia. Sheria ya Morrill ya mwaka 1862 huko Marekani iliyapa majimbo ardhi ili yaanzishe vyuo vya kilimo na ufundi, na mwaka 1914 sheria nyingine ikatandaza huduma za ugani kutoka vyuo hivyo hadi mashambani. Mwaka 1918 wanafunzi wa Córdoba, Argentina, waligoma na kudai mageuzi, na kutokana na vuguvugu lao wazo la chuo kutoka nje ya kuta zake likaenea Amerika ya Kusini. Lakini usiisimulie historia hiyo nusu. Sehemu kubwa ya ardhi iliyotolewa na sheria ile ya 1862 ilikuwa imenyang'anywa kutoka kwa wenyeji asilia, ambao hakuna aliyewauliza. Chuo kinaweza kumhudumia jirani mmoja huku kikisimama juu ya mali ya mwingine, na ofisi yetu ndiyo inayopaswa kuwa ya kwanza kuliona hilo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Uholanzi. Katika miaka ya 1970 vyuo vya huko vilianza kufungua madawati ambayo vikundi vya wananchi vilipeleka maswali yao, kisha wanafunzi na walimu wakayafanyia utafiti kwa gharama ndogo au bila malipo. Mwenye shida ndiye anayeuliza, na jibu linajua nyumbani kwake ni wapi. Tulipojaribu kitu cha namna hiyo, robo ya maswali ya mwanzo yalihusu chuo chenyewe: malori yetu, taka zetu, kelele za usiku. Yapokee. Hayo ndiyo yatakayoonyesha kama unasikiliza.

Upande wa serikali sina siri kubwa. Jifunze kalenda ya bajeti ya nchi yako mpaka uijue kwa moyo, kwa sababu mambo mengi huamuliwa wizarani miezi kadhaa kabla ya hotuba kusomwa. Heshimu makatibu wa kamati na wasaidizi wa wabunge. Wao ndio wanaosoma. Andika ukurasa mmoja wenye ombi moja, na takwimu uzigawe kwa majimbo, ili mheshimiwa aone wanafunzi wangapi wanatoka kwake na kazi gani mmefanya huko. Onana na wa chama tawala na wa upinzani kwa uzito uleule. Soma pia sheria za ushawishi, yaani zinazosimamia kazi ya kuwashawishi wabunge na maofisa wa serikali. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1995 inayotaka washawishi wajisajili na kueleza shughuli zao, na chuo hakiepuki kwa kuwa tu ni chuo. Kama kuna habari mbaya kuhusu chuo chako, wewe uwe wa kwanza kuitoa. Niliwahi kumficha msaidizi mmoja kwamba mradi wetu umechelewa, akaja kuyasoma gazetini, na ilinichukua miaka miwili kabla hajapokea simu yangu tena.

Wakazi mnaokwenda nao bungeni wasiandikiwe hotuba. Waeleze utaratibu, muda waliopewa na watakaa wapi, basi. Walipie nauli na chakula, wengine wameacha vibarua vyao. Mkuu wako ataogopa kwamba watasema vibaya, na huenda wakasema. Nimekuwa katika hofu hiyo, naijua.

Mwaka uliofuata mama yule alikubali kwenda mbele ya kamati. Aliomba kwanza bomba la maji lifike mtaani kwao. Pili akaeleza, akinitazama usoni, kwamba chuo kilikaa na majibu ya kisima chake mwaka mzima. Tatu akasema maabara ile ipanuliwe, kwa sababu bila hiyo asingejua maji anayomkorogea mjukuu wake yana nini. Mwenyekiti wa kamati akaomba kuliona daftari. Likazunguka meza ile mkono kwa mkono, na wajumbe waliokuwa wakichezea simu zao wakainua vichwa.

Fedha tulipata nusu ya tulizoomba. Bomba lilifika mtaani miaka miwili baadaye. Tangu hapo kila timu yetu inayokwenda kuchukua sampuli hubeba madaftari mawili, moja la chuo na moja la kumwachia mwenye kisima, na kwenye jalada la hilo la pili imeandikwa tarehe ambayo tumeahidi kurudi.