Ukifundisha vina, anza na maneno ya watoto wenyewe

Nimefundisha watoto kutunga mashairi Temeke, Dar es Salaam, na kila likizo nikienda nyumbani Muheza, mkoani Tanga, huwa naendelea na wa kule. Mwalimu au mzazi mwenzangu, ushauri wangu mkubwa ni huu: usiingie darasani na orodha ya vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana, uliyoiandaa mwenyewe. Waulize watoto jana wameona nini, kisha vina vitafutwe humo.

Kanuni ya mashairi ninayofundisha haibadiliki, uwe mjini au shamba: mizani (silabi) nane, koma, mizani nane, kina cha kati kabla ya koma na kina cha mwisho. Kinachobadilika ni maneno yaliyo karibu na ulimi. Temeke, ambako familia nyingi zimepanga, watoto walinitungia hivi:

Asubuhi yaja hodi, sauti ya mwenye nyumba,
Mwezi huu nipe kodi, ama utahama chumba.

Darasa zima lilishangilia. Mistari hiyo hiyo niliisoma Muheza, wakaikariri bila kukosea, lakini haikuwagusa. Watoto wengi kule wanaishi katika nyumba iliyojengwa na babu. Hakuna anayewagongea mwisho wa mwezi. Nikawauliza kuna nini nyumbani siku hizo. Ilikuwa masika, na jibu likaja hivi:

Babu ameshika jembe, wingu zito limetanda,
Mbegu ni chembe kwa chembe, leo mahindi twapanda.

Tazama jembe na chembe, limetanda na twapanda. Kwa kanuni, jembe na ng'ombe vinatosha, maana silabi ya mwisho ni ile ile. Mimi huwaomba watoto wafanye zaidi: irabu ya silabi inayotangulia nayo ifanane. Sikio hulipokea neno la namna hiyo kwa furaha. Kisha wakataze kwa muda kutumia -ni. Mjini, kijijini, sokoni, shambani: mtoto akiigundua hiyo, atajaza ubeti mzima bila kuwaza lolote, na wewe utadhani ameiva.

Kuna jambo linaloniuma kuhusu ngonjera, yaani mashairi ya majibizano, za mahafali. Mara nyingi mmoja huvikwa suti awe wa mjini, mwingine hupewa nguo chakavu awe wa kijijini, na huyu wa pili ndiye wa kuchekwa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120 Tanzania, na wengi wao, karibu wawili katika kila watatu, wanaishi vijijini. Tunawafundisha watoto kuwacheka bibi zao. Na upande wa pili nao si haki: mjini kila mara ni wizi na uhuni, kana kwamba hakuna mama anayeamka usiku akakaange maandazi ili ada ilipwe.

Kwa hiyo ukiandaa ngonjera, badilisha pande. Mtoto wa Temeke mpe jembe, chembe na kupanda, lakini kabla hajaandika mstari wowote ampigie simu babu au shangazi aulize mahindi hupandwa vipi, shimo moja huwekwa mbegu ngapi, palizi huanza lini. Wa Muheza mpe hodi, kodi na chumba, naye amuulize kaka aliyepanga mjini anavyoishi. Majibu yaandikwe kwenye daftari kwanza, kama yalivyosemwa. Vina vitafutwe baadaye, na shairi lisomwe kwa sauti mbele ya yule aliyeulizwa. Akisema "hapana, sisi hatufanyi hivyo," mstari ufutwe, hata kama vina vyake vimekaa sawasawa.