Maswali ya Wasomaji: Gavana, Gitaa na Mizani 8

Kuna wimbo wa panki unaitwa "California Über Alles". Rafiki yangu anashikilia kuwa ni wimbo wa Manazi. Mimi nasikia kama unawacheka. Nani amepatia? (Msomaji, Tanga)

Umepatia wewe, ingawa rafiki yako anaeleweka. Maneno ya Kijerumani kwenye kichwa yanamaanisha "juu ya vyote", na yamechukuliwa ubeti wa kwanza wa shairi la 1841 lililokuja kuwa wimbo wa taifa wa Ujerumani. Manazi waliuimba sana ubeti huo, na leo Wajerumani huimba ule wa tatu tu.

Wimbo wenyewe ni wa Dead Kennedys, bendi ya San Francisco iliyoundwa 1978. Santuri ndogo ilitoka Juni 1979, kwa maneno ya mwimbaji Jello Biafra na John Greenway. Anayechapwa ni Jerry Brown, gavana wa California wakati huo. Brown alikuwa mwanasiasa wa aina yake: aliwahi kusoma seminari ya Wajesuti, akavutiwa na Zen (tafakuri ya Kibudha), akalikataa jumba la gavana akapanga fleti, na akawa anaendeshwa kwenye Plymouth ya kawaida. Aprili 1979 alifika hadi Kenya akiwa na mwimbaji Linda Ronstadt, na magazeti ya kwao yakapata la kuandika. Urais aliugombea 1976 na alikuwa anajiandaa kuugombea tena 1980.

Wimbo unachukua upole huo wote na kuugeuza mjeledi. Watoto wanalazimishwa kutafakari shuleni. Raia wanakimbia mchakamchaka kwa ajili ya taifa teule, nyuso zikitabasamu kwa amri. Polisi wa siri wanabisha hodi wakiwa wamevaa jinzi na ngozi laini, na gesi ya sumu ni ya asili, haina kemikali za kiwandani. Sikiliza pia cheo: mstari wa kwanza anajitambulisha kama gavana, mstari wa mwisho wa ubeti wa mwisho ni rais. Hakuna ubeti unaosimulia uchaguzi. Cheo kimepanda katikati ya wimbo bila mtu kuulizwa.

Kosa la rafiki yako wamelifanya wengi, tena waliokuwa ukumbini. Kufikia 1981 bendi ililazimika kutoa wimbo mwingine wa kuwafukuza Manazi kwenye maonyesho ya panki, na huo haukuwa na fumbo hata chembe.

Mbona mwimbaji anasema "mimi"? Kwetu kijembe humlenga "wewe", au kinapita kwa fumbo. (Msomaji, Mombasa)

Hapo ndipo taarabu ya mipasho na panki (muziki, si mtindo wa kunyoa nywele) zinapoachana njia. Kwenye mpasho jina halitajwi, mlengwa anajijua, na akilalamika amejitaja mwenyewe. Biafra kafanya kinyume: jina na cheo vimo mstari wa kwanza, lakini mlengwa hatukanwi. Anajisifu tu. Ukiimba "gavana ni dikteta" umetoa hoja, naye anaweza kuijibu. Akijisifu mwenyewe kwa kinywa chako, ajibu nini?

Ukitaka kujaribu, anza kwa kuorodhesha mambo matatu au manne ambayo kila mtu mtaani anayajua kuhusu mheshimiwa wako: kauli yake, mavazi, mradi anaoupenda. Kisha kila moja lisukume hatua moja tu mbele ya ukweli. Ukisukuma hatua tano inakuwa katuni, msikilizaji anaacha kumwona mtu. Ukichagua jambo linalojulikana na waandishi wa habari peke yao, utani unafia jukwaani. Na kosa tunaloliona mara nyingi zaidi: ubeti anaimba mheshimiwa, kiitikio anaimba raia mwenye hasira. Ukishaivaa sura, usiivue hadi mwisho.

Wimbo wa namna hii huchacha mlengwa akiondoka madarakani, ila kiunzi chake kinabaki kizima. Mwaka 1981 bendi hiyohiyo ilimtoa Brown ikamweka Ronald Reagan, rais mpya wa Marekani, ikaanza taratibu kwa jazi ya baa kabla ya kulipuka. Kichwa kipya kilisema kwamba sasa tatizo ni kubwa zaidi, jambo ambalo ni kama kumwomba radhi Brown kimyakimya. Mwaka 1992 kundi la hip-hop la Disposable Heroes of Hiphoprisy likamweka gavana mwingine, Pete Wilson.

Tuna gitaa moja, besi na ngoma. Tukiupiga unasikika kama tope. Tatizo nini? (Msomaji, Nairobi)

Karibu tuna hakika ni mkwaruzo (distortion) mwingi kwenye sauti ya gitaa. East Bay Ray, mpiga gitaa wa bendi hiyo, alitegemea mwangwi wa utepe wa kifaa kiitwacho Echoplex, na mwangwi haupatani na gitaa lililokwaruzwa hadi mwisho: kila rudio linalifunika lililotangulia. Rudisha kitufe cha mkwaruzo karibu na nusu, kisha weka marudio mawili au matatu, sauti yake ikiwa chini ya ile ya asili. Muda wa mwangwi usiubahatishe. Gawa 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika: mapigo 180 yanakupa milisekunde 333, na nusu yake, 166 hivi, inafaa pale gitaa linapokimbia.

Kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja kwenye gitaa, si za TRA) zipigwe kwa nyuzi mbili au tatu nene tu, kiganja kikigusa nyuzi karibu na daraja la gitaa ili zisivume. Besi ndiyo ibebe wimbo.

Mahali panapowaangusha wengi ni pale katikati, wimbo unapopunguza mwendo na kuwa gwaride. Mpiga ngoma ahame kwenye snea (ngoma yenye mlio mkali) aende kwenye tomu (zenye mlio mzito), na asiongeze mwendo kabla ya wakati. Akiwahi, ule mrudio wa kasi wa mwisho unakosa pa kurukia. Fanyeni sehemu hiyo peke yake na metronomu (kifaa cha kuhesabia mapigo), angalau mara kumi. Mkijifunza kwa kusikiliza, anzeni na santuri ya 1979. Rekodi ya albamu ya 1980 inakimbia zaidi.

Naandika wimbo wangu kwa Kiswahili kwa mtindo huo, lakini mistari haikai kwenye mapigo. (Msomaji, Dodoma)

Hesabu silabi. Mistari miwili ya mwanzo ya ule wa Kiingereza ina silabi nane nane, yaani kipande kimoja cha shairi letu la mizani 16. Kwa hiyo nafasi inatosha:

*Ni mimi Mheshimiwa,*
*tabasamu langu dawa,*
*kesho naapishwa, sawa?*

Kila mstari una mizani 8, ukikumbuka kwamba "m" ya "Mheshimiwa" ni silabi kamili. Kinachokuangusha ni mkazo. Jina "Brown" lina silabi moja, linatua juu ya pigo na kufunga mstari. Neno la Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo "-mi-" ndiyo itue kwenye pigo na "-wa" idondoke baada yake. Ukilazimisha "-wa" juu ya pigo utasikika kama mgeni anayejifunza lugha. Anza kuimba nusu pigo mapema, utaona mstari unakaa.

Naweza kushtakiwa kwa wimbo wa namna hii? (Msomaji, Eldoret)

Kuna mambo mawili. La kwanza ni hakimiliki: mtindo hauna mwenyewe, lakini ukichukua tuni ileile ukabadili maneno, unahitaji ruhusa ya mwenye wimbo. Tunga tuni yako.

La pili ni kashfa. Marekani imewapa watunzi nafasi pana tangu hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1964 kuhusu viongozi wa umma, na nyingine ya 1988 kuhusu dhihaka. Nafasi hiyo huna. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilifuta kashfa kama kosa la jinai mwaka 2017, lakini kesi ya madai ya fidia bado ipo. Chuja hivi: mstari ambao msikilizaji ataujua mara moja kuwa ni chumvi, kama ile gesi ya asili, hauna shida kubwa. Mstari unaosema mheshimiwa alipokea kiasi fulani siku fulani ni madai ya ukweli, na utaulizwa risiti. Huo ufute, hata kama una vina vizuri.