Kugeuza bledi ya nyuma ya trekta kwa haidroliki

Kugeuza pembe ya bledi (bamba la kusawazisha udongo) kwa silinda ya haidroliki, yaani ya presha ya mafuta, inawezekana kabisa, ila silinda iwe ya kusukuma na kuvuta, na trekta iwe na valvu ya nje ya hozi mbili, ya kupeleka mafuta kwenye silinda na kuyarudisha. Silinda ya tela la tipa husukuma tu, bledi haitarudi. Kabla ya kununua, toa pini inayofunga pembe, zungusha bledi hadi mwisho kila upande, upime umbali kati ya sehemu mbili zitakapokaa pini za silinda: kirefu toa kifupi ndiyo mwendo wa pistoni unaohitaji. Kazi hii naifanya karakana, na nasisitiza valvu ya kuachia presha kati ya hozi hizo mbili. Bila hiyo, ncha ya bledi ikigonga kisiki, fimbo ya silinda inapinda.