Jibu: bi mkubwa yuko Kipumbwi, ana kitochi, asisumbuke na nauli

Mdau umesema bi mkubwa wako yuko Kipumbwi, kila akitaka kujua kama namba yake ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) imetoka anafunga safari mpaka Pangani mjini, na simu yenyewe ni kitochi. Pole yake aisee, ila hapo nauli inaliwa bure tu.

Mpigie umwambie abonyeze *152*00# hiyo ni menyu ya serikali, haitaki intaneti wala simu janja, inakuja kwa Kiswahili, afuate mpaka sehemu ya NIDA ajaze anachoulizwa. Kama macho yanasumbua basi mjukuu amsomee, wale watoto wanajua kuliko sisi. Ila kama hajawahi kupigwa picha na kutoa alama za vidole hapo hakuna ujanja, lazima aende mwenyewe, vidole havitumwi kwa simu.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Kuna siku jamaa mmoja huku Tanga alinifanyia maombi ya cheti cha kuzaliwa kwa mtandao, akataka nimtumie hela ya serikali kwenye namba yake binafsi, nikamgomea. Malipo ya serikali yana kontroo namba, tarakimu 12 zinaanzia na 99, unalipa mwenyewe kwa simu ukiwa hapo hapo kijijini. Kijana wa steshenari anayekujazia maombi mlipe ya kazi yake tu, tena mpatane kabla.

Na namba ikitoka aiandike kwenye daftari, meseji zinafutika.