Kuinua nyusi kwa upasuaji: tiba au kubadilisha umbile?

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Nina miaka 56. Mwaka juzi nilipooza upande wa kulia wa uso. Mdomo umerudi sawa, lakini nyusi imeshuka mpaka imelalia kope. Nikitunga uzi kwenye sindano sharti niishikilie kwa kidole. Daktari anashauri upasuaji wa kuiinua. Mdogo wangu, mzima kabisa, anataka tufanyiwe pamoja ili aondoe makunyanzi ya paji. Yafaa?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah, mama. Swali ni moja ila ninyi ni wawili, na kila mmoja ana hukumu yake.

Lako ni ugonjwa. Arfaja bin As'ad (r.a.) alipoteza pua vitani siku ya Kulab, akajiwekea pua ya fedha. Ikanuka, na Mtume (s.a.w.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ilhali dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wameipokea Abu Daud na Tirmidhi. Basi kuirudisha nyusi mahali ilipokuwa hakuitwi kubadilisha umbile.

Mdogo wako asimame kwanza. Katika hadithi ya Ibn Mas'ud, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wanaochanja chale, wanaonyonyoa nyusi na wanaochonga mwanya “kwa ajili ya uzuri”. Baraza la kimataifa la Fiqhi, lilipokutana Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilikataza kuondoa makunyanzi kwa kisu au sindano maadamu si maradhi. Atasema mbona wanja waruhusiwa. Wanja unaoshwa jioni. Kovu la kisu halioshwi.

Rudi kwako, mama, maana ruhusa haiondoi hatari. Mtume amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Wengine hupasuliwa utosini, sikio hadi sikio. Wengine hutobolewa matundu madogo nyuma ya nywele na kupitishwa kamera. Waliopooza mara nyingi hukatwa juu ya nyusi yenyewe, na kovu huweza kuonekana. Ngozi ya kichwa huweza kubaki na ganzi kwa miezi, nywele kunyonyoka penye kovu, nyusi zisilingane, hata mshipa wa fahamu kuumia. Ninaloliogopa zaidi kwako ni jicho. Aliyepooza uso pengine halifumbi vizuri, na nyusi ikivutwa mno litabaki wazi usiku, likauke na kupata vidonda. Mwambie mtu wa nyumbani akuangalie ukiwa umelala, kisha umweleze daktari. Mtajie pia dawa zote unazotumia, hasa aspirini.

Baada ya upasuaji, akikukataza kuinama, sali umekaa na uashirie rukuu na sijda. Kwenye udhu osha palipo pazima, pangusa juu ya bendeji, na kwa madhehebu yetu ya Shafi utayamamu pia.

Akipatikana daktari mwanamke anayeimudu kazi hiyo, ndiye wa kwanza. Asipopatikana, mwanamume mwaminifu atakutibu, na mdogo wako akae nawe hapo chumbani. Safari hiyo ndiyo kazi inayomfaa.

Wallahu a'lam.