Wadogo zangu mlioingia kwenye kuigiza vita, someni hii kabla ya kwenda kuigiza Olustee, yale mapigano ya 1864 kule Florida

Jamani, hasa nyie Wabongo na Wakenya mliojiunga mwaka huu na kampuni yetu huku Marekani, yaani kikosi chetu cha kuigiza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865, nawapenda ila wikiendi iliyopita mmenipandisha presha. Yale yale ya kila msimu: raba zinachungulia chini ya suruali ya sufu, simu mfukoni inalia kwenye gwaride, saa mkononi. Naandika mara moja ili nisimrudie kila mtu.

1. Nunua brogani kwanza, vile viatu vya ngozi vya askari wa enzi hizo. Bunduki utaazimwa, viatu hakuna wa kukuazima.

2. Fimbo ya kushindilia haitoki mahali pake uwanjani, na mdomo wa bunduki unapita juu ya vichwa vya wale mnaowapiga. Baruti bila risasi bado inaunguza mtu uso. Hapo hakuna mjadala.

3. Kurudi nyuma. Hapa tukae kidogo. Kuna mwaka tulikuwa kulekule Florida tunaigiza rejimenti ya 8 ya USCT (United States Colored Troops, vikosi vya askari weusi wa jeshi la Kaskazini), amri ya kurudi ikatoka, vijana wetu wakageuka wakatimua mbio wanacheka, mmoja kofia imemdondoka akairudia huku anawapungia watu, na watazamaji nao wakaanza kucheka. Mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyekaa karibu na kamba hakucheka, alikunja kiti chake akaondoka vita haijaisha. Kampuni nzima iliumia, jioni pale kwenye moto watu wanakula kimya tu. Kwa sababu wale askari wenyewe wa rejimenti ya 8, tarehe 20 Februari 1864, walikuwa wametoka mafunzoni Camp William Penn karibu na Philadelphia, wengi hata kulenga hawajazoea, wakasukumwa mbele kwenye msitu wa misonobari na kupigwa risasi wakiwa wamesimama. Kanali wao, Charles Fribley, akauawa. Kati ya watu kama 565, zaidi ya 300 waliuawa, kujeruhiwa au kupotea, na kuna majeruhi weusi walioachwa uwanjani wakamaliziwa palepale. Sasa mdogo wangu unarudi nyuma unacheka unamchekea nani? Rudi taratibu, geuka, piga, rudi tena, na ukidondoka dondoka ukae chini, usiinue kichwa kutafuta kamera.

4. Mkiigiza rejimenti ya 54 ya Massachusetts, nayo ya askari weusi wa Kaskazini, ijueni habari ya mshahara, maana watoto wa shule watauliza. Waliahidiwa dola 13 kwa mwezi kama wazungu, wakaletewa 10, hapo inakatwa 3 ya nguo, wakakataa kupokea hata senti. Ndo maana pale Olustee waliingia vitani wakipaza sauti "Massachusetts na dola saba kwa mwezi!" Halafu jeshi lao limeshindwa linakimbilia mjini Jacksonville, treni ya majeruhi ikaharibika njiani, hao hao wasiolipwa wakafunga kamba kwenye injini na mabehewa wakaivuta kwa mikono maili kama tatu hadi walipopata farasi. Ukimsimulia mtoto hilo na umeshika kamba mkononi, atasahau kabisa kukuuliza kama bunduki ni ya kweli.

5. Kwa nini tunafanya hivi? Wengi mmekuja kwa moshi na picha, sawa tu, ndo mlango wenyewe. Ila wanaobaki miaka na miaka, wanaolala kwenye hema Februari na baridi ile na Jumatatu wako kazini, hawabaki kwa moshi. Kuna wenzetu hapa babu wa babu yao alivaa hilo koti la bluu na shuleni hawakuwahi kusikia kwamba wanaume weusi karibu 180,000 walipigania Muungano, yaani upande wa Kaskazini. Na sisi tuliotoka kwenye wapagazi wa vita ya 1914 hadi 1918, waliokufa kwa maelfu kwa maradhi na njaa, wengi bila kaburi lenye jina, tunalijua hilo pengo, ndo maana mimi nipo.

6. Kila mtu achague askari mmoja wa kweli. Mafaili ya USCT yapo kwenye nyaraka za taifa za Marekani, mengi yamewekwa mtandaoni: umri, kazi aliyokuwa anafanya, alizaliwa wapi, aliumia wapi. Jina lake liwe kichwani kabla hatujaondoka, maana Ijumaa usiku kwenye moto nitamuuliza mmoja mmoja.