Maswali na majibu: Kazi ya hoki ya barafu, ukiwa Kisumu, Nakuru au Magharibi

Tangu mwaka 2024, Kenya ilipokubaliwa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu, maswali kuhusu mchezo huo yamekuwa yakiingia kila wiki. Mengi ni ya vijana wanaotaka kuufanya kazi ya maisha. Nimechagua machache, na sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kocha, nina miaka 17, naishi Kondele. Nimekuwa nikiteleza kwa viatu vya magurudumu tangu shule ya msingi na watu husimama barabarani kunitazama. Nikijituma, naweza kufika NHL? (Kisumu)

Hapana, kijana wangu. Ni heri ulisikie kwangu leo kuliko uje kuligundua ukiwa na miaka 25 na masomo umeyaacha.

NHL ni ligi ya timu 32 za Marekani na Kanada. Kila mwaka timu hizo huchagua chipukizi 224 kutoka kote duniani, wengi wakiwa na miaka 18, na hata miongoni mwa hao waliochaguliwa wengi hawachezi mechi moja ya ligi hiyo. Wenzako wa miaka 17 wanaosubiri kuchaguliwa wameshakaa juu ya barafu zaidi ya miaka kumi. Wayne Gretzky, nyota wa zamani wa NHL, alivalishwa viatu vya barafu akiwa na miaka miwili hivi, na baba yake alikuwa akimwaga maji uani kwao Brantford, Kanada, yagande awe na mahali pa kuchezea. Gretzky alikuja kufunga mabao 894, rekodi iliyosimama hadi Aprili 2025 ilipovunjwa na Alexander Ovechkin.

Siamini kwamba watoto wa Brantford huzaliwa na kipaji kuliko wa Kondele. Wao walizaliwa penye barafu, basi. Kuteleza kinyumenyume, kukata kona kwa ukingo mmoja wa chuma cha kiatu, kusimama ghafla bila kutazama miguu: haya mwili huyashika utotoni, ili baadaye macho yawe huru kumtafuta wa kumpa pasi.

Ila kuna swali ambalo hukuniuliza: naweza kuichezea Kenya? Hapo jibu langu ni tofauti kabisa. Wachezaji wa Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Nairobi, hawakulelewa kwenye barafu, na wengi wao walianza kwa magurudumu kama wewe. Mwaka 2018 walialikwa Kanada wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Tena mkumbuke Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati, mtu wa huku kwetu Bonde la Ufa. Alianza kuteleza kwenye theluji akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 akashindana katika Olimpiki ya majira ya baridi ya Nagano, Japani. Alimaliza wa mwisho kwenye kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja hapo kwenye mstari amkumbatie. Kuiwakilisha nchi na kulipwa mshahara kwa mchezo ni mambo mawili. La kwanza liko ndani ya uwezo wako. Lifuate kwa nguvu zako zote, na chuo usikiache.

Habari ya kazi, kocha. Mimi ni mwendesha boda. Ni kweli hao wachezaji hulipwa mamilioni? (Kakamega)

Walio juu, ndiyo. Msimu wa 2025/26 kima cha chini cha NHL kilikuwa dola 775,000, karibu shilingi milioni 100. Toa kodi, toa fungu la wakala, na bado ni pesa nyingi.

Lakini piga hesabu ya walio chini pia. Kuna AHL, ligi ambamo timu za NHL huwalea wachezaji wao, na wengi huko wana mkataba wa ngazi mbili: ukiitwa juu unalipwa mshahara wa juu kwa siku ulizokaa huko, ukirudishwa unarudi kwenye mshahara wa chini. Chini yake iko ECHL, ambako mchezaji hulipwa kwa wiki na klabu humpa mahali pa kulala. Mtu anaweza kuzunguka kwenye mabasi miaka mitano na asiitwe juu hata mara moja. Huyo naye ni mchezaji wa kulipwa.

Mwalimu, nilicheza hoki shuleni hadi mashindano ya Afrika Mashariki. Nikihamia kwenye barafu, ujuzi wangu utanifaa? (Vihiga)

Nusu yake, dada. Unatoka kwenye nchi ya hoki: shule za Tigoi, Musingu, Kamusinga, majina yanayojulikana popote magongo yanapochezwa Kenya. Na Kenya hii iliwahi kumaliza ya nne katika Kombe la Dunia la hoki ya nyasi la mwaka 1971. Jicho la kuona nafasi na utulivu wa mikono utakwenda nao.

Mengine utajifunza upya. Kwenye nyasi unapiga kwa upande bapa wa gongo peke yake, kwenye barafu unatumia pande zote mbili. Badala ya mpira kuna kisahani cheusi cha gramu 170 hivi, ambacho hugandishwa kabla ya mechi ili kisidunde. Mchezo unaendelea hata nyuma ya goli. Kila timu ina watu sita uwanjani, kipa akiwemo, na wale watano hupokezana kwa zamu ya chini ya dakika moja, kwa sababu kasi ile hakuna pafu linaloihimili zaidi ya hapo.

Ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, ilianza Januari 2024 ikiwa na timu sita, na kima cha chini kilikuwa dola 35,000 kwa msimu. Ila kwa umri wako, mlango ulio karibu zaidi ni hoki hiyohiyo ya nyasi. Vyuo vikuu vya Marekani hutoa ufadhili wa masomo kwa wanawake wanaoicheza. Rekodi mechi zako, tunza matokeo yako ya mtihani, uwaandikie makocha wa vyuo wewe mwenyewe. Ningekuwa wewe, ningeanza hapo kabla ya kuwaza barafu.

Kuna mtu anadai ni wakala. Anataka shilingi 180,000 ampeleke mdogo wangu kwenye majaribio ya timu ya Kanada, viza ikiwemo. Tuuze ng'ombe? (Webuye)

Msiuze. Wakala wa mchezaji wa NHL lazima awe ametambuliwa na chama cha wachezaji, na hula asilimia ya mkataba mchezaji akishasaini. Viza haitolewi na wakala, hutolewa na serikali ya Kanada. Na hakuna timu itakayomwita kijana ambaye haijamwona hata kwenye video akicheza. Ziko ligi za vijana Marekani zinazotoza wazazi ada, hilo ni kweli, lakini ada hulipwa kwa klabu yenyewe, yenye anwani na simu. Mwambieni awape jina la klabu, muipigie wenyewe. Akikataa, mmeshapata jibu.

Kuna mtu mweusi aliyewahi kung'ara huko? (Siaya)

Wapo, mzee wangu. Willie O'Ree alikuwa wa kwanza kuingia NHL, tarehe 18 Januari 1958, akiwa na Boston Bruins, na jicho lake la kulia lilikuwa halioni. Aliificha siri hiyo ili wasimkataze kucheza. Jarome Iginla, ambaye baba yake ni Mnigeria, alifunga mabao 625 na kutwaa dhahabu mbili za Olimpiki na Kanada, mwaka 2002 na 2010.

Mwanangu ana miaka minane na anaupenda mchezo huu. Naogopa ataumia, na huku kwetu hakuna barafu. Nianzie wapi? (Molo)

Hofu yako ina msingi, mama. Oktoba 2023 Adam Johnson wa Nottingham Panthers alifariki huko Sheffield, Uingereza, baada ya chuma cha kiatu cha mchezaji mwingine kumkata shingoni. Tangu hapo kinga ya shingo imeanza kuwa lazima katika ligi nyingi. Kichwa pia hupata mishtuko, na ndiyo sababu Marekani na Kanada hazimruhusu mtoto wa umri wa mwanao kumkumba mwenzake kwa bega.

Mwanzo wake uwe magurudumu yaliyopangwa mstari mmoja, kwa kuwa ndiyo yanayokaribiana zaidi na barafu. Nunua kofia ngumu na kinga za magoti, viwiko na viganja kabla ya kununua gongo. Tafuta uwanja wa sementi usiopita magari, panga chupa tupu, azizunguke mbele na kinyumenyume. Likizo ikifika mpeleke Nairobi kwenye barafu ya hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, ila piga simu kwanza uulize kama pako wazi na bei ni gani. Mwache aanguke bila kumkimbilia. Akiomba kurudi, uliza hapohapo siku ambazo watoto hufundishwa, kisha uniandikie tuone jinsi ya kupanga safari.